Kutembelea makasri, abasia na makanisa ya kale ya Uskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saa zote katika ukurasa huu zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Tiketi yako haitaandikwa hivyo: penye saa saba mchana, yenyewe itaandikwa 13:00. Watu hukosa zamu zao kwa sababu hiyo tu, kwa hiyo ukishanunua tiketi, geuza saa mara moja na uiandike pembeni.

## Kabla ya kusafiri

Makasri ni mengi mno. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza kila mahali ni mali ya nani. Ukishalijua hilo, karibu kila kitu kingine unakijua: bei, msimu, ruhusa ya picha, na kadi gani itakubaliwa mlangoni.

Kundi la kwanza liko chini ya Historic Environment Scotland, taasisi ya serikali inayotunza maeneo zaidi ya 300. Humo mna makasri ya Edinburgh, Stirling na Urquhart, abasia za Melrose, Arbroath na Iona, na magofu ya kanisa kuu la St Andrews. La pili ni la National Trust for Scotland, shirika la hisani, lenye nyumba kama Culzean, Crathes, Fyvie na Craigievar. La tatu ni mali ya familia, koo au wakfu binafsi: Glamis, Dunvegan, Inveraray, Blair, Eilean Donan, Dunnottar. La nne ni jumba la Holyroodhouse mjini Edinburgh, makazi rasmi ya mfalme. La tano ni makanisa ambayo bado yana waumini, na haya yana taratibu zake (tazama sehemu ya maeneo ya ibada).

Kwa mgeni wa mara ya kwanza mwenye siku nne au tano, chagua kasri moja kubwa lenye paa, kasri moja la magofu, abasia moja na kanisa moja linaloswaliwa. Stirling, Dunnottar, Melrose na kanisa kuu la Glasgow zinatosha kabisa kukuonyesha nchi. Anayekimbilia makasri matatu kwa siku huishia kukumbuka maegesho ya magari.

Je, Uskoti ina viza yake?

Haina. Uskoti ni sehemu ya Muungano wa Uingereza, hivyo viza ni ya Uingereza. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida inaruhusu kukaa hadi miezi 6. Maombi hufunguliwa miezi 3 kabla ya safari. Wenye pasipoti ya Oman na nchi nyingine za Ghuba huomba kibali cha kielektroniki badala ya viza. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza, hata kama unapitia Paris au Amsterdam.

Msimu gani ni mzuri?

Mei, mwanzoni mwa Juni na Septemba. Maeneo mengi madogo hufungwa kuanzia vuli hadi mwisho wa Machi. Edinburgh, Stirling na Urquhart hubaki wazi mwaka mzima isipokuwa siku za Krismasi. Agosti kuna tamasha kubwa la bendi za kijeshi katika uwanja ulio mbele ya kasri la Edinburgh: majukwaa huziba uwanja wote, vyumba vya wageni hupanda bei na mji hufurika.

Mwanga nao ni jambo la kuhesabu, hasa kwa mtu aliyezoea jua la Ikweta linalochomoza na kuzama saa zilezile. Mwishoni mwa Juni jua la Edinburgh huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi kasoro jioni limekwishazama. Safari ya Desemba ipangwe kwa eneo moja kwa siku.

Nivae nini?

Koti la mvua lenye kofia, si mwavuli: juu ya kuta upepo huuvunja. Viatu vya soli ya mpira yenye meno, maana mawe ya magofu huota kuvu na kuteleza hata siku kavu. Sweta hata Julai, kwa sababu ndani ya kuta zenye unene wa mita mbili baridi haitoki.

Magharibi na nyanda za juu, kati ya Mei na Septemba, kuna usubi wanaouma kwa makundi, hasa asubuhi na jioni penye utulivu wa hewa. Upepo ukivuma hawaruki. Nunua dawa ya kujipaka katika duka la dawa lolote huko huko.

## Tiketi na kadi

Ninunue tiketi mtandaoni au mlangoni?

Mtandaoni, hasa Edinburgh. Bei ni nafuu kuliko ya getini, na tiketi za Edinburgh huuzwa kwa zamu za saa, ambazo majira ya joto huisha siku kadhaa mapema. Mtu wa mwisho huruhusiwa kuingia saa moja kabla ya kufungwa, na maeneo mengine huweka nusu saa. Edinburgh hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni majira ya joto, saa kumi na moja majira ya baridi.

Sehemu kubwa ya yale maeneo 300 na zaidi hayana mlinzi wala kiingilio. Unafungua geti, unaingia, unalifunga nyuma yako ili kondoo wasipite.

Explorer Pass inafaa?

Ni kadi ya wageni ya Historic Environment Scotland, ya siku 7 au 14. Ukitembelea Edinburgh, Stirling na eneo jingine moja au mawili ya kulipia, kwa kawaida imejirudishia gharama. Makosa mawili hujirudia. La kwanza, watu hudhani kadi inafungua kasri lolote. Haiingizi mtu Eilean Donan, Glamis, kanisa la Rosslyn wala nyumba za National Trust for Scotland. La pili, wanafika Edinburgh bila kushika zamu. Hata mwenye kadi anapaswa kuchagua saa yake mtandaoni mapema.

Ninaishi Uingereza na ni mwanachama wa shirika la kule la kutunza majengo ya kale. Nitapata nafuu?

Mwanachama wa National Trust ya Uingereza huingia bure katika maeneo ya National Trust for Scotland. Mwanachama wa English Heritage hulipa nusu katika maeneo ya kulipia ya Historic Environment Scotland kwa mwaka wa kwanza wa uanachama, kisha bure akishauhuisha. Watu huzichanganya jozi hizi mbili kila siku. Angalia jina lililo kwenye kadi yako kabla ya kupanga foleni.

Kuna siku za bure?

Septemba huwa na Doors Open Days, wikiendi ambazo majengo mengi ya kihistoria, yakiwemo ambayo kwa kawaida hayafunguliwi, hupokea watu bila malipo. Kila mji una wikiendi yake.

## Makasri yanayoulizwa zaidi

Ndani ya kasri la Edinburgh nianze na nini?

Panda moja kwa moja hadi juu, Crown Square, ndipo ushuke ukitazama. Wengi hufanya kinyume, na wanapofika juu foleni ya vito vya kifalme imeshajikunja uwanjani. Katika chumba hicho mna taji lililotengenezwa upya mwaka 1540 kwa ajili ya mfalme James V, fimbo iliyotoka kwa Papa Alexander VI na upanga uliotoka kwa Papa Julius II. Picha haziruhusiwi humo, wala ndani ya jengo la kumbukumbu ya wafu wa vita lililo ng'ambo ya uwanja huohuo. Jirani kuna kijichumba ambamo Mary, Malkia wa Waskoti, alimzaa James VI mwaka 1566. Ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia.

Ukishuka kidogo utaona kanisa dogo la St Margaret, la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini. Mfalme Daudi I alilijenga kwa kumbukumbu ya mama yake, Margaret. Watu ishirini wakiwa ndani hakuna pa kugeukia, hivyo subiri kundi litoke. Nje yake limesimama Mons Meg, zinga la mzinga alilopewa James II mwaka 1457.

Saa saba kamili mchana mzinga mwingine, wa kisasa, hupigwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Desturi hiyo ilianza 1861 ili meli zilizokuwa bandarini zirekebishe saa zao. Uwe umeshika nafasi robo saa kabla, na mwandae mtoto mdogo: mlio ni mkubwa kweli.

Tenga saa mbili na nusu. Mabegi makubwa hayaruhusiwi na hakuna pa kuyahifadhi. Yaache stesheni ya Waverley.

Jiwe la kutawazia wafalme liko wapi sasa?

Halipo tena Edinburgh. Tangu Machi 2024 liko Perth, katika jumba la makumbusho la mji. Edward I wa Uingereza alilichukua mwaka 1296, likakaa London miaka 700 hadi liliporudishwa 1996. Kuingia Perth Museum ni bure, ila ushike zamu ya kuliona jiwe lenyewe. Vitabu vingi vya wageni vilivyochapishwa kabla ya hapo bado vinawatuma watu Edinburgh.

Edinburgh au Stirling, nikiwa na nafasi ya moja tu?

Stirling. Edinburgh ina jina na ina mji. Stirling ina kasri linalosomeka. Vyumba vya James V vimerudishiwa rangi, dari na mazulia ya ukutani yaliyofumwa kwa mkono, kwa hiyo unaona jinsi mgeni wa mfalme alivyopitishwa chumba hadi chumba, kila mlango ukichuja watu zaidi. Ukumbi mkuu wa James IV umepakwa chokaa ya rangi ya dhahabu, na wapo wanaodhani ni ukarabati mbaya. Ndivyo ulivyokuwa: makasri haya hayakukusudiwa kuonekana mawe matupu ya kijivu. Kutoka Edinburgh ni treni ya chini ya saa moja, kisha mlima wa dakika ishirini kwa miguu.

Kwa nini makasri mengi ni magofu?

Mengi hayakuangushwa na maadui waliokuja kuyateka. Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, mwenyewe aliamuru ngome zibomolewe baada ya kuzikomboa, ili Waingereza wakirudi wasipate pa kujificha. Urquhart, kando ya Loch Ness, ililipuliwa mwaka 1692 na askari wa serikali waliokuwa wakiondoka, wasije Wajakobiti, waasi waliomuunga mkono mfalme aliyeondolewa, wakaitumia. Eilean Donan ilipigwa kwa mizinga ya meli za kivita mwaka 1719, na jengo unaloliona kwenye picha za kalenda lilijengwa upya kati ya 1911 na 1932. Hilo haliondoi uzuri wake, ila ukitafuta mawe ya zama za kati yaliyobaki palepale, nenda Caerlaverock, karibu na Dumfries, kasri la pembetatu lenye handaki la maji ambalo Edward I alilizingira mwaka 1300.

Dunnottar ni ngumu kiasi gani?

Lipo juu ya mwamba baharini, karibu na Stonehaven. Unashuka ngazi nyingi hadi karibu na ufuko, kisha unapanda tena, jumla vidato zaidi ya 200, na kurudi ni vilevile. Upepo mkali ukitokea hulifunga siku hiyohiyo, kwa hiyo tazama tangazo lao asubuhi. Hapa ndipo vito vya kifalme vilipofichwa jeshi la Cromwell kutoka Uingereza lilipokuja, vikatoroshwa na kuzikwa chini ya sakafu ya kanisa la Kinneff.

Ngazi za kuzunguka zina hatari?

Zina hatari kwa mwenye haraka. Kidato kimebanwa upande wa nguzo na kimepanuka upande wa ukuta, na katikati kimelika kwa karne za nyayo. Kanyaga upande wa ukuta, shika kamba, na kabla ya kupanda sikiliza kama kuna anayeshuka. Kupishana hakuwezekani bila mmoja kubaki kwenye ncha nyembamba. Begi la mgongoni lihamishe kifuani. Mtoto atangulie wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka, mzazi atangulie.

Mzee wetu anatumia kiti cha magurudumu. Aende wapi?

Edinburgh ina gari dogo la bure la kuwapandisha wasioweza mlima. Ulizia kwenye lango. Stirling ina mawe ya duara na miteremko, lakini vyumba vikuu vinafikika. Dunnottar asiende. Melrose na abasia nyingi ni nyasi tambarare, nzuri siku kavu, nzito baada ya mvua. Kanisa kuu la Glasgow linafikika ghorofa ya juu, ila kanisa la chini liko mwisho wa ngazi.

## Abasia, makanisa makuu na ibada

Kwa nini abasia karibu zote hazina paa?

Zilipigwa mara mbili. Zile nne za mpakani, Melrose, Jedburgh, Kelso na Dryburgh, zilichomwa na majeshi ya Uingereza mara kwa mara, vibaya zaidi miaka ya 1540. Kisha mwaka 1560 bunge la Uskoti lilikata uhusiano na Papa, na maisha ya kimonaki yakafa polepole. Paa lilipovuliwa mabati yake ya madini ya risasi, mvua ikafanya iliyobaki.

Aliyewahi kufika Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, ana faida hapa. Amekwishaona abasia ya Wabenedikto inayoishi, yenye kengele, karakana na bwalo, na akisimama Iona au Dunfermline, ambazo nazo zilikuwa za Wabenedikto, ataelewa haraka kwa nini kila ukuta uko pale ulipo.

Melrose nitazame nini?

Mambo mawili. Kwanza, jiwe la mviringo kwenye nyasi, lililowekwa 1998, juu ya kasha la madini ya risasi lenye moyo unaoaminika kuwa wa Robert Bruce. James Douglas aliubeba kuelekea vita vya msalaba, akauawa Hispania mwaka 1330, na moyo ukarudishwa. Mwili wa Bruce umezikwa Dunfermline.

Pili, inua macho upande wa kusini wa paa, umtafute nguruwe wa jiwe anayepiga zumari ya mfuko. Bila darubini ndogo hutamwona vizuri. Treni kutoka Edinburgh hadi Tweedbank huchukua karibu saa moja, kisha basi fupi au matembezi ya kilomita tatu.

Uskoti ni ya Wapresbiteri wasio na maaskofu. Makanisa makuu yanatoka wapi?

Jina limebaki, askofu hayupo. Kanisa kuu la Glasgow, linalobeba kaburi la Mtakatifu Mungo katika kanisa lake la chini, ndilo la pekee la zama za kati upande wa bara lililovuka Matengenezo ya Kanisa, yale ya 1560, karibu zima. Leo ni jengo la serikali lenye usharika wa Kanisa la Uskoti ndani yake, na kuingia ni bure. Uwanjani nje imesimama sanamu ya David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre iliyo karibu, ambaye mwili wake ulibebwa na Susi, Chuma na wenzao hadi Bagamoyo mwaka 1874. Kaburi lake, hata hivyo, liko London.

St Magnus huko Kirkwall, visiwani Orkney, ni habari nyingine: lilianzishwa 1137, na kwa hati ya James III ya 1486 ni mali ya mji, si ya kanisa lolote.

Mimi ni mwumini wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Ninaweza kushiriki ibada?

Unakaribishwa, na huhitaji taarifa wala tiketi. PCEA ilitokana na misheni za Kanisa la Uskoti, hivyo mpangilio wa ibada hautakuwa mgeni kwako. Kanisa la St Giles' mjini Edinburgh, alikohubiri John Knox, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa, na kanisa kuu la Glasgow huwa na ibada kila Jumapili asubuhi. Watalii husubiri hadi mchana. Fika dakika kumi mapema, zima simu, na usipige picha ibada ikiendelea. Wanaume huvua kofia. Viatu havivuliwi, na wanawake hawalazimiki kufunika kichwa.

Sisi ni Waislamu. Tutaswali wapi tukiwa matembezini?

Edinburgh kuna msikiti mkuu mtaa wa Potterrow, mwendo wa karibu dakika ishirini kutoka kasri. Glasgow una wake karibu na mto Clyde. Vijijini misikiti ni adimu, hivyo beba mswala na dira. Uwanja wa nyasi wa magofu hauna shida, mradi msizibe njia. Kuhusu nyakati, rudi kwenye swali la msimu: kiangazi Isha huingia usiku sana na Alfajiri hufuata upesi, na misikiti hutoa ratiba zake.

Rosslyn inahitaji tiketi? Na picha?

Tiketi, ndiyo, tena ya zamu, na inunuliwe mapema. Kanisa hili la 1446 ni dogo, na kila shubiri ya mawe yake imechongwa. Chini ya ile nguzo maarufu ya mwanagenzi wamejipinda majoka wanane. Piga magoti uwahesabu. Picha za ndani zimekatazwa. Basi namba 37 kutoka katikati ya Edinburgh hufika kijiji cha Roslin.

Nifikeje Iona?

Hii ndiyo safari inayoharibika zaidi, kwa sababu ina viungo vitatu na kila kimoja kinasubiri kilichotangulia. Feri kutoka Oban hadi Craignure, kisiwani Mull, ni karibu dakika 50. Basi la kuvuka Mull hadi Fionnphort ni saa moja na robo hivi, kwa barabara nyembamba. Kivuko cha mwisho ni dakika 10. Gari la mgeni haliruhusiwi Iona bila kibali.

Lala Oban usiku uliotangulia na uondoke na feri ya kwanza. Nafasi ya Oban hadi Craignure ishike mtandaoni. Kivuko kidogo unapanda tu. Kabla ya kushuka basini, mwulize dereva saa ya basi la mwisho la kurudi, maana likikuacha itabidi ulale. Majira ya baridi viungo haviungani vizuri, na dhoruba husimamisha feri zote. Mwenye uwezo alale Iona kabisa, kwani wageni wa siku moja wakishaondoka jioni, abasia inabaki na ibada yake tu.

Kutoka gatini pita magofu ya nyumba ya watawa wa kike, kisha makaburi ya Reilig Odhráin. Msalaba wa Mtakatifu Martin, wa karne ya 8, umesimama palepale uliposimikwa. Ule wa Mtakatifu Yohana ulio mbele ya mlango ni nakala; vipande vya asili vimeunganishwa ndani ya jumba la makumbusho nyuma ya abasia, na wengi huondoka bila kuviona. Kolumba, mtawa kutoka Ireland, alitua kisiwani mwaka 563, lakini majengo ya mawe unayoyaona ni ya baada ya mwaka 1200, yaliyofanyiwa ukarabati mkubwa katika karne ya 20.

## Barabarani, na mambo yasiyotarajiwa

Leseni yangu ya Afrika Mashariki inatosha kuendesha?

Kwa gari dogo, ndiyo, hadi miezi 12. Kampuni za kukodisha huweza kudai kibali cha kimataifa, na gari la gia za kujiendesha liagizwe mapema. Mnaendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda.

Kigeni ni barabara nyembamba za upana wa gari moja, zinazotumiwa na magari ya pande zote mbili, zenye vituo vya kupishania. Kituo kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama sambamba nacho ili anayekuja aingie. Usivuke upande wa kulia, na usiegeshe humo hata kwa picha moja. Gari likikufuata kwa haraka, lipishe.

Nimefika nikakuta uzio. Kwa nini?

Tangu 2021 Historic Environment Scotland inakagua mawe ya juu katika maeneo mengi, moja baada ya jingine. Mvua zimeongezeka, na mchanga-mawe uliozibwa zamani kwa saruji hunasa maji ndani. Baridi ikija yanaganda na kupasua jiwe. Sehemu zinafungwa mpaka fundi afike juu. Tazama ukurasa wa eneo husika siku moja kabla. Holyroodhouse nayo hufungwa mfalme anapokuwepo, kwa kawaida mwishoni mwa Juni hadi mwanzo wa Julai.

Droni, kigundua vyuma, au kipande cha jiwe cha ukumbusho?

Droni hairushwi bila kibali cha maandishi. Kigundua vyuma kwenye eneo lililohifadhiwa kisheria ni kosa la jinai, hata ukikitumia bila kuchimba. Jiwe lililoanguka liache lilipo, kwa maana mafundi hutambua mahali pake kwa namna lilivyoanguka. Na ukiona sarafu au kitu cha kale ardhini, usikibebe: kwa sheria ya Uskoti vitu vya namna hiyo ni vya Taji. Piga picha mahali pake na umwonyeshe mhudumu wa eneo.